Nusu Mita ya Kunenepa

Kitambaa kipya kikipasuliwa hutoa sauti ambayo sijaizoea mpaka leo. Muuzaji hupima kwa rula ya chuma iliyopigiliwa ukingoni mwa kaunta, hukata kidogo kwa makasi ili kufungua njia, halafu hushika pande zote mbili na kuvuta. Inatoka charrr moja ndefu, na vumbi jembamba lenye harufu ya wanga linapanda hadi puani. Wateja wengine hawasikii chochote, wanaendelea kubonyeza simu zao. Mimi husimama pale nimeshika kaunta kama mtu aliyesahau alichotumwa, na muuzaji akinigeukia kuniuliza, "Na wewe madam, nikukatie mita ngapi?" najua kabisa kwamba jibu nitakalotoa si la kweli.

Swali hilo limenishinda maisha yangu yote. Nina shahada, nasimamia watu wazima kazini, lakini nikiambiwa nikisie kitambaa cha rinda moja la mwanamke mmoja, ambaye ni mimi mwenyewe, nakosea. Ama nanunua kingi hadi kinatosha pazia, ama kidogo hadi fundi ananiuliza kama hilo rinda ni la mwanasesere. Fundi wangu wa siku hizi ni kijana mwenye kipuli sikioni, na hunicheka waziwazi. "Madam, si ungenipigia tu simu nikwambie?" Sijawahi kumweleza kwa nini sipigi. Nitawaeleza ninyi, kwa kuwa mmekaa na hamna haraka.

Tuliishi Langas, upande ule ambao mvua ikinyesha viatu hubebwa mkononi. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, na jioni alirudi na nyuzi za pamba kwenye nyusi. Mama alifundisha chekechea pale kanisani. Wote wawili walitoka upande wa ziwa, wakaja Eldoret kwa sababu ya kazi, na miaka yote waliyokaa pale walisema "nyumbani" wakimaanisha kwingine. Majirani walimwita Mama Atieno. Atieno ndiye mimi, na sikuwa na ndugu wa kugombana naye.

Karibu na kwetu, kwenye veranda ya duka la unga, alikaa Mama Njeri na cherehani yake. Alikuja kutoka Nyeri akiwa msichana, na wakati huo nilipomfahamu alikuwa mwanamke mpana, mwenye pini mdomoni tangu asubuhi. Alizungumza, alicheka na kusengenya kupitia pini hizo bila kumeza hata moja. Kina mama wote wa kanisa letu walivaa kazi ya mikono yake. Siku hizo ulijinunulia kitambaa mwenyewe mjini, ukampelekea fundi, kwa hivyo kwanza ulipita kwake akukadirie. Hapo ndipo Mama Njeri alipokuwa na mambo yake. Tepe ya kupimia ilining'inia shingoni mwake, lakini hakuigusa mpaka siku ya kukata. Kukadiria kulikuwa kazi ya macho. Alikusimamisha, akakugeuza, akakuambia uinue mikono kama aliyekamatwa na polisi, akakuuliza kama unataka mikono mirefu ama mifupi, kisha akauliza swali lililonichekesha kila mara: "Na maua yanaangalia wapi?"

Maana kitambaa chenye maua yanayotazama upande mmoja hula mita nyingi. Huwezi kugeuza vipande juu chini ili vitoshee, la sivyo maua ya kifuani yatasimama wima na ya mgongoni yatasimama kwa kichwa. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijajua kuzidisha.

Akishayapima hayo yote kichwani, Mama Njeri alitamka. Mita tatu. Mita tatu na robo. Na baada ya kutamka aliongeza, bila kukosa, "na nusu ya kunenepa."

Nusu hiyo ilikuwa nusu mita ya kukunjwa ndani ya mishono, kifuani, kiunoni na ubavuni, ikae pale gizani ikisubiri mwenyewe anenepe. Mwaka ambao rinda lingebana, Mama Njeri angefumua, angetoa kitambaa kilichofichwa, na rinda lingeendelea na maisha yake. Kwa macho yake kila mwanamke alikuwa njiani kunenepa. Ameolewa? Atanenepa. Amejifungua? Atanenepa. Amefiwa? Atalia, kisha atakula, kisha atanenepa. Maneno hayo yalituingia mpaka nyumbani. Mama akinitilia sukari kwenye chai aliongeza kijiko kidogo, akaniambia hicho ni cha kunenepa, na baba akihesabu viazi vya kuchemsha aliongeza kimoja akasema vivyo hivyo.

Ugonjwa wa mama ulianza na ugali. Alikuwa akimeza tonge, halafu anatulia, anaweka kiganja kifuani na kuomba maji. Alisema anakula haraka kwa sababu ya watoto wa chekechea. Kisha akaacha ugali akabaki na wali, akaacha wali akabaki na mkate wa kuchovya kwenye chai, na mwishowe ikawa uji na maziwa. Watu wa huku kwetu wanaujua ugonjwa huo wa koo vizuri kuliko wanavyotaka kuujua. Hawautaji. Wanagusa shingo tu kwa vidole viwili na kutikisa kichwa, kisha wanazungumzia bei ya mahindi. Mimi nilidhani ni mafua. Nilikuwa nikiumwa koo napewa peremende, kwa hivyo nilimletea peremende kutoka shuleni, naye alizipokea na kuzitia mfukoni, akaniambia atazila baadaye.

Baba alimpeleka hospitalini, wakarudi, wakaenda tena. Siku moja waliporudi, mama aliingia kulala na baba akaketi nje juu ya ndoo iliyogeuzwa, akiwa bado na koti la safari. Nilimpelekea chai, akasahau kuinywa. Hakuingia ndani mpaka baridi ya Eldoret ilipomfukuza.

Wageni walianza kuja kuomba. Nawaambia ukweli, tangu wakati ule sina subira na watu wa kuombea wagonjwa kwa sauti. Walijaa chumbani, wakapaza sauti, wakamwambia mama kwamba amepona, amepona kabisa, wakanywa chai na kuondoka, na mama akabaki pale akiwa hajapona na amechoka zaidi kwa kuwasikiliza. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka nini.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja tu, na kila mtu wa nyumba yetu alikijua. Alitaka kusimama kanisani siku ya harusi ya Anti Rosa, mdogo wake. Wazazi wao walikufa Rosa akiwa mdogo, na mama, aliyekuwa mkubwa wao, ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfokea, akamfungia nyumbani siku za ujana wake na kumfungulia tena. Sasa Rosa alikuwa ameposwa na mwalimu wa Moiben, na harusi ilipangiwa likizo ya Agosti. Mchungaji akiuliza ni nani anayemtoa binti huyu, mama ndiye angejibu. Alikuwa amelingoja swali hilo kwa miaka, tangu akimsuka Rosa nywele za kwenda shule.

Na harusi ya ukoo ni kitambaa kimoja. Kina mama wote wa upande wa bibi harusi huvaa rangi moja kutoka jora moja, na jora moja maana yake ni kwamba mita za kila mtu lazima zijulikane kabla ya kwenda dukani. Ukirudi kuongeza wiki ijayo utakuta kitambaa kingine, rangi imepishana kidogo, na katika picha mtu mmoja ataonekana kama aliyealikwa kimakosa. Kwa hivyo Mama Njeri aliitwa aje nyumbani kukadiria watu wote kwa mkupuo.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Kina mama walijaa sebuleni, viti havikutosha, wengine wakakalia mikono ya sofa. Baba alifukuzwa kwa heshima akatembee. Mama alikaa kwenye kona ya sofa akiwa na leso mabegani, amejipaka mafuta mpaka uso unang'aa. Alikuwa amekunywa uji wake kabla hawajaja, ili wasimwone akihangaika nao. Mama Njeri alisimama katikati ya chumba kama refa.

"Rosa, wewe kaa chini, gauni yako nyeupe utajua na wenye wanakodisha," alianza. "Pamela, simama."

Anti Pamela ndiye aliyemfuata mama kwa kuzaliwa, na alikuwa mwanamke wa nafasi. Alisimama akiwa amevuta tumbo ndani.

"Pumua," Mama Njeri alimwambia.

"Si nimepumua."

"Pumua yote, mama. Hata ukidanganya mimi, huwezi danganya kitambaa. Kwa harusi utakula ama hutakula?"

"Nitaonja tu."

"Mita tatu na nusu, na nusu ya kunenepa."

"Ya kunenepa ni ya nini, yawa?" Anti Pamela alilalamika. "Ninenepe niende wapi? Mimi si nilishafika!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mama naye alicheka, mkono ukiwa shingoni. Mama Njeri akaendelea kuzunguka chumba, huyu mita tatu na nusu ya kunenepa, yule mwembamba wa kwaya mita mbili na nusu na nusu ya kunenepa, na kila mmoja akapata utani wake. Mimi nilikuwa mkekani karibu na miguu ya mama nikila mandazi, nikiwa na furaha kabisa. Nyumba yetu haikuwa imesikia kicheko cha namna hiyo kwa muda mrefu.

Akafika kwa mama. Hakumwambia asimame. Alimwangalia pale alipoketi, macho yakashuka kutoka mabegani mpaka magotini, yakapanda tena, yakapita haraka kifuani.

"Mama Atieno, mita mbili na nusu," alisema, akamgeukia mke wa mjomba aliyekuwa kando. "Haya na wewe, simama."

Mke wa mjomba akaanza kuinuka.

"Na ya kunenepa?" mama akauliza.

Sauti yake wakati huo ilikuwa imeanza kukwaruza, kama redio ambayo haijashika stesheni vizuri, na hakuwa ameipandisha. Lakini chumba kizima kilisikia. Mke wa mjomba akabaki ameinama nusu. Mama Njeri aligeuka polepole, akatoa pini zote mdomoni, akazishika mkononi. Sikuwahi kumwona akizitoa akiwa kazini. Mdomo wake bila pini ulionekana mdogo na wa kizee.

"Si nimesema?" alisema. "Nimesema mita mbili na nusu, na nusu ya kunenepa. Kwani mko na nini kwa masikio leo?"

"Alisema," Anti Pamela alidakia. "Mimi nilisikia."

"Ulisema, Mama Njeri," wakaitikia wengine. "Tumesikia wote."

Nilimtazama Anti Pamela, nikawatazama wengine, nikashangaa watu wazima wengi namna hiyo wanawezaje kusikia kitu ambacho hakikusemwa. Mama aliwapitia kwa macho mmoja mmoja. Hakukasirika.

"Basi ni mimi sikusikia," alisema. "Wekeni."

Wakaendelea, lakini utani haukurudi. Mke wa mjomba alitajiwa mita zake na hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akaketi haraka kama mtu aliyeaibika kuwa na mwili.

Siku ya kwenda dukani mama alikataa kuachwa. Baba aliazima gari la mwenzake wa kiwandani, tukampeleka mjini polepole, tukikwepa mashimo. Mwenye duka alimletea stuli, akakaa pale kama mkaguzi, majora yakiteremshwa mbele yake. Alichagua kijani, kile kijani cha majani ya mahindi wakati mvua imekolea, chenye maua madogo meupe. Maua yote yalitazama juu.

"Hayo maua yanataka kitambaa mingi," Anti Pamela alimwonya. "Mama Njeri atalia. Chukua hiyo ingine ya madoadoa."

"Mimi nataka haya," mama alisema, na hakuna aliyebishana naye.

Aliomba kipande chake kipimwe kwanza, peke yake, pamoja na nusu yake. Mwenye duka akapima, akafungua njia kwa makasi, akavuta. Mama akakipokea, akakikunja mapajani, na njia nzima ya kurudi Langas alikuwa amekifunika kwa viganja vyote viwili.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu siku hiyo, na ilinipa raha kubwa. Nusu mita ilikuwa imeshanunuliwa. Imepasuliwa, haiwezi kurudishwa dukani. Nyumbani kwetu hakuna kitu kilichotupwa, hata maji ya kuoshea mchele yalipewa mbuzi wa jirani. Kwa hivyo mama lazima angenenepa, la sivyo kitambaa kingeharibika bure, na mama hakuwa mtu wa kuharibu vitu.

Mama Njeri alishona rinda la mama kabla ya yote. Siku ya kulijaribu mara ya kwanza lilimkaa vizuri, na mama akatembea nalo kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi, akijitazama kwenye kioo cha kabati. Alikuwa mzuri. Naweza kusema hivyo bila upendeleo wa mtoto. Kijani kilimpa rangi usoni. Baba alisimama mlangoni akasema, "Bibi harusi atakasirika," na mama akamtupia leso.

Mara iliyofuata rinda lilikuwa limekuwa kubwa. Mama Njeri akachomeka pini, akalipunguza pande zote. "Hakuna shida," alisema, "ni kurudisha tu ndani. Tutatoa baadaye." Mara nyingine tena likawa kubwa, akapunguza tena. Nusu ya kunenepa ilikuwa pale ndani haijaguswa, na sasa iliongezewa kitambaa kingine juu yake, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka mishono ikawa minene kama kamba. Kwa nje lilikuwa rinda la msichana mwembamba. Ukiligeuza, ndani ulimkuta mama yangu mzima amekunjwa. Uzito wa rinda ulianza kumuumiza mifupa ya kiuno, lakini hakumwambia Mama Njeri. Aliniambia mimi nimwekee kitambaa laini pale linapomchoma.

Agosti ilikuja na mvua yake. Wiki ya harusi yenyewe mama hakuweza kuketi bila kushikiliwa. Mama Njeri alikuja jioni na rinda kwenye hanga, akalitundika kwenye msumari wa mlango, akasimama akilitazama badala ya kumtazama mgonjwa. Mimi nilikuwa miguuni mwa kitanda. Baba alikuwa jikoni, akichuja uji kwa mara nyingine ingawa ulikuwa umeshachujwa.

"Mama Njeri," mama alisema. "Kata."

"Nikate nini?"

"Hiyo rinda. Mpimie Atieno. Asimame mahali yangu."

"Usiongee hivyo, mama. Bado kuna siku. Tutakupeleka na gari mpaka kwa mlango wa kanisa. Tutaweka kiti."

"Mimi siendi. Na wewe ulijua. Ulijua ile Jumapili."

Mama Njeri alishika ukingo wa kitanda na kukaa, bila kukaribishwa. Alilia kwanza, kabla ya kusema chochote, na mama akamngoja amalize.

"Unisamehe," alisema hatimaye. "Siku zote inatokanga yenyewe. Hiyo siku ilikataa kutoka. Ilinikwama hapa." Aligusa shingo yake, kisha akauondoa mkono haraka alipoona mahali alipougusa.

"Ulikadiria sawa," mama alimwambia. "Sasa kata."

Basi nikasimamishwa kando ya kitanda. Mama Njeri akashika tepe, lakini mama ndiye aliyeongoza. Alininyooshea mkono, na vidole vyake, ambavyo vilikuwa vimebaki mifupa na joto tu, vikanigusa kifuani, ubavuni na nyongani.

"Muachie ya kukua," alisema. "Hapa muachie mingi. Kwetu tunajaa hapa mapema. Na hapa pia, kwa hips. Chini piga upindo, urefu si kitu, sisi si watu warefu."

"Itakuwa mzito kwa mtoto," Mama Njeri alisema.

"Muachie tu."

"Mama, nitakaa kama mto wa sofa!" nililalamika, maana nilikuwa nimeshaona itakavyokuwa, na wasichana wa harusi wengine walikuwa na marinda ya kumetameta.

"Utakaa hivyo kidogo," mama alisema. "Halafu itakutosha, nyathina." Hilo ni neno la kwetu la kumwita mtoto wako, na alilitumia pale tu alipokuwa hana nguvu ya kunigombeza.

Mama Njeri alikata pale pale, sakafuni, mama akiangalia. Sijaona mtu mwingine akiangalia nguo yake ikikatwa kwa utulivu ule.

Harusi ilikuwa nzuri, nadhani. Kumbukumbu zangu ni za matope ya Moiben, mahindi marefu pande zote za barabara, na mimi nikitembea nimetanua mikono kwa sababu mishono ya ubavuni ilinizuia kuishusha. Nilisimama mbele, mahali pa mama. Mchungaji alipouliza ni nani anayemtoa binti huyu, Anti Pamela alijibu, na sauti ikamkatika katikati. Anti Rosa aligeuka, akaniona, akaona maua yale, akalia mpaka rangi ya macho ikamwagika kwenye gauni la kukodi. Niliona haya. Nilijua nimevaa vibaya, lakini sikujua ni vibaya kiasi cha kumliza mtu.

Nilirudi jioni na kipande cha keki ndani ya tishu. Mama aliniambia nigeuke. Niligeuka. Aliniambia niinue mikono, nikainua. Kisha akachukua ile keki, akaishika mkononi muda mrefu, akainusa, akanirudishia. Alikufa watu wakivuna mahindi, alasiri moja mimi nikiwa shuleni.

Rinda nililivaa kwa miaka. Lilikuwa la Krismasi, la ubatizo wa watu, la mazishi. Kila nilipoongezeka Mama Njeri alinisimamisha kwenye veranda yake, akafungua upindo kidogo, akapiga pasi alama ya zamani mpaka ikakaribia kupotea. Mimi hakunitajia mita. Kwa wateja wengine nilimsikia akitaja mita, na ile nusu aliiongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba asisikike.

Mwaka nilioingia kidato cha kwanza alifungua upindo wa mwisho. Hakukuwa na kitu tena chini, na bado rinda liliniishia juu ya magoti. Nilikuwa nimewafuata watu wa baba, warefu na wakavu kama miti ya laini ya simu. Mama Njeri alinizunguka, akaligeuza rinda ndani nje, akalitandaza kwenye meza ya cherehani. Chini palikuwa pamekwisha. Kifuani na nyongani, kule mama alikosisitiza nikiwa nimesimama kando ya kitanda, kitambaa kilikuwa bado kimekunjwa chote. Hakikuwahi kuhitajika. Maua yaliyokuwa ndani yalikuwa meupe kama siku ya dukani, wakati ya nje yalikuwa yameshakuwa ya kijivu.

"Alifikiria utakuwa kama yeye," Mama Njeri alisema, akalikunja.

Mpaka hapo nilikuwa nikijiliwaza kwa wazo moja, ambalo watu wazima walinipa mara nyingi, kwamba mama yako alikujua kuliko mtu yeyote. Siku ile pale verandani nilijua si kweli, ingawa ilinichukua miaka mingine kukubali nilichokijua. Aliniacha nikiwa mtoto. Hapakuwa na mtu wa kujulikana bado. Alikuwa na jioni moja, mwili mdogo uliolalamika kuhusu mto wa sofa, na vidole vilivyobaki mifupa, akakisia msichana mzima kutoka hapo. Akamkisia mfupi, mnene kifuani, mwenye nyonga za kwao. Nafikiri alimwona kabisa, akamwona kanisani, akamwona akiolewa. Msichana yule hakuzaliwa. Nilikuja mimi, na mimi hakunikadiria. Angeishi, angeona mapema kwamba amekosea, angenicheka, angemlaumu baba kwa miguu yangu, angeenda mjini kuniongezea kitambaa. Alikosea, na hakuwepo wa kurekebisha. Ndiyo maana simpigii fundi simu anikadirie: nakisia mwenyewe, na nikikosea, nipo wa kurudi dukani.